Jiko likibadilika, bomba la moshi nalo libadilike

MAMA lishe anayenunua jiko jipya mjini Nduguti huuliza mambo mawili: bei yake, na kuni linazokula kwa siku. Bomba la moshi mara nyingi huachiwa fundi bati, naye hulikata kwa kadiri ya kipande kilichobaki. Jiko lenye bomba la namna hiyo hurudisha moshi ndani, wateja hukohoa, na baada ya miezi michache mwenye jiko amerudi kwenye mafiga matatu akiamini kwamba ameuziwa jiko bovu.

Mara nyingi jiko halina kosa. Kosa ni bomba.

Tangu Wilaya ya Mkalama ilipomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, Nduguti ikawa makao makuu yake, wakulima wa alizeti na vitunguu wanaofuata huduma za wilaya hukutana hapo na watumishi na wafanyabiashara. Wote wanahitaji chakula cha mchana. Kwa muuza chakula, kuni ni gharama ya kila siku, na moshi ni sababu ya mteja kwenda banda la jirani. Ni suala la afya pia: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Bomba linavyofanya kazi

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi. Moshi wa moto ukipanda ndani ya bomba, huvuta hewa mpya kupitia mlango wa jiko, na hewa hiyo ndiyo inayowasha kuni vizuri. Nguvu ya kuvuta hutegemea mambo mawili: urefu wa bomba na joto la moshi. Bomba la mita 4 huvuta mara mbili ya bomba la mita 2, mradi moshi usipoe njiani.

Upana nao una hesabu yake. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 lina nafasi ya takriban sentimita za mraba 177. La sentimita 10 lina 79 tu, yaani chini ya nusu. Fundi anayepunguza kipenyo ili kubana gharama amefunga zaidi ya nusu ya njia ya moshi.

Anayejenga azingatie haya:

Bomba lisimame wima. Kona zikilazimika, zisizidi mbili, na ziwe za mshazari badala ya kukata ghafla.

Kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, ili lami na maji vitiririke ndani badala ya kuvuja kwenye maungio.

Mita ya kwanza juu ya moto iwe ya chuma cheusi kinene au matofali. Bati la kuezekea lina zinki, nayo ikiungua hutoa mvuke wenye madhara.

Bomba la chuma tupu likae angalau sentimita 45 kutoka kwenye mbao au nyasi za paa.

Chini pawe na kilango cha kutolea masizi, na kazi hiyo ifanywe mara kwa mara. Lami iliyoganda inaweza kushika moto na kuunguza paa zima.

Upepo wa Singida

Mkoa wa Singida unajulikana kwa upepo mkali kiasi cha kuvutia mipango ya kuzalisha umeme kwa upepo. Upepo huohuo ni adui wa bomba fupi. Ukigonga paa huinuka, kisha hushuka upande wa pili na kusukuma moshi urudi jikoni. Kwa hiyo mdomo wa bomba uzidi kwa angalau sentimita 60 kitu chochote kilicho umbali wa mita 3, ikiwa ni pamoja na kilele cha paa. Juu yake iwekwe kofia ya bati, iliyoinuliwa vya kutosha ili isizibe njia.

Fedha inayopaa

Hata hivyo, bomba linalovuta kupita kiasi nalo ni hasara. Joto linalotoka juu ya paa limelipiwa. Kilango kidogo ndani ya bomba, kinachopunguzwa moto ukishakolea bila kufungwa kabisa, hubakiza joto kwenye sufuria.

Chukua mfano wa muuza chakula anayetumia kuni za shilingi 5,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 150,000. Akiokoa robo tu, kwa jiko zuri, bomba sahihi na kuni zilizokauka, hubaki na shilingi 37,500 kila mwezi. Kuni mbichi huharibu hesabu hiyo: moto hutumika kwanza kukausha maji yake, moshi hupoa, na lami huganda bombani.

Gesi nayo ina masharti

Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shule na wauza chakula wengi watahamia gesi. Hapa ndipo kosa la pili linaponyemelea: kudhani kwamba bomba la zamani, au dirisha moja, linatosha.

Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa takriban kilo moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke. Mtungi wa kilo 15 hutoa zaidi ya lita 20, yaani ndoo nzima. Maji hayo yakiganda ndani ya bomba la bati, kutu huanza. Tena gesi ikivuja hulala chini, wakati hewa chafu ya moto hupanda. Jiko la gesi lisilo na bomba linahitaji matundu mawili ya hewa yasiyozibwa, moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari.

Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Uingereza iliweka sharti mwaka 2005 kwamba boila nyingi mpya za gesi za nyumbani ziwe za aina inayopoza moshi hadi mvuke wake ugeuke maji, ili joto lake lisipotee. Moshi uliopoa chini ya nyuzi 55 hivi hauna nguvu ya kupanda wenyewe. Husukumwa na feni, hupita kwenye bomba la plastiki maalumu au chuma kisichoshika kutu, na bomba hulazwa kwa mteremko kuelekea kwenye boila ili maji yenye asidi yatoke kwa njia yake. Ukiunganisha boila hiyo na bomba la zamani, maji hayo yatalila.

Kwa muuza chakula wa Nduguti somo ni lilelile. Kila moshi una joto lake na maji yake, na bomba hupimwa kwa moshi litakaoubeba. Kabla ya kulipia jiko, mwambie fundi akuonyeshe kwanza njia ya moshi.