Utafiti wa Usafirishaji: Nani Anauratibu, Nani Anaugharamia na Unamfikiaje Mwananchi

Kila mwaka Bunge linapoketi Dodoma kujadili Bajeti ya Serikali, wananchi hufuatilia kwa makini kilomita za lami zitakazojengwa na madaraja yatakayokamilika. Ni wachache wanaouliza swali linalotangulia hayo yote: ni nani aliyethibitisha kwamba barabara ya aina hiyo itadumu katika udongo huo na mvua hizo, na ni nani aliyelipia uthibitisho huo? Swali hilo ni la utafiti, na jibu lake linagusa mfuko wa kila mlipakodi. Barabara iliyojengwa bila kuupima udongo hulipiwa mara mbili: kwanza inapojengwa, na tena masika yanapoizoa.

Ukubwa wa suala hili unaonekana katika mtandao wenyewe wa barabara. Barabara kuu na za mikoa zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS) zina urefu wa zaidi ya kilomita 36,000. Barabara za wilaya zilizo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) zinazidi kilomita 144,000, na sehemu kubwa yake ni za udongo na changarawe. Hakuna bajeti inayoweza kuziwekea zote lami ya kiwango cha barabara kuu kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo, kutafuta njia ya gharama nafuu inayodumu ni sehemu ya utoaji wa huduma yenyewe.

Majukumu yamegawanywa

Tanzania haina taasisi moja inayobeba utafiti wote wa usafirishaji. Mratibu wa utafiti wa sekta zote ni Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 na kuchukua nafasi ya Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi lililoanzishwa mwaka 1968. Tume hiyo, iliyo chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, huishauri Serikali, huratibu tafiti, hutoa vibali kwa watafiti na husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE). COSTECH haijengi barabara wala haipimi kokoto. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa utafiti unafuata vipaumbele vya Taifa na kwamba fedha za ushindani zinamfikia mtafiti mwenye andiko linalostahili.

Utafiti wa kisekta hufanyika katika taasisi za wizara husika. Wizara ya Uchukuzi inacho Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1975. Pamoja na kufundisha, chuo hicho hufanya utafiti na kutoa ushauri elekezi. Wizara ya Ujenzi inaisimamia TANROADS, yenye Maabara Kuu ya Vifaa vya Ujenzi ambako udongo, kokoto, saruji na lami hupimwa ubora wake. TARURA ipo chini ya TAMISEMI, na ndiyo inayokutana na changamoto za barabara za vijijini kila siku.

Nje ya wizara hizo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vikuu vingine hutoa wahandisi na watafiti. Kibaha mkoani Pwani lipo Shirika la Nyumbu, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, linaloshughulikia teknolojia ya magari.

Mgawanyo huu una faida na gharama yake. Faida ni kwamba anayetafiti yuko karibu na anayetumia matokeo. Gharama ni kwamba jambo lililokwisha kujibiwa na taasisi moja linaweza kutafitiwa upya na nyingine, iwapo taarifa hazitabadilishwa kwa wakati. Hapo ndipo umuhimu wa uratibu unapoonekana.

Fedha zinatoka wapi

Njia ya kwanza ni Bajeti ya Serikali inayoidhinishwa na Bunge kwa mafungu. Shughuli za Wizara ya Ujenzi zimo katika Fungu 98, za Wizara ya Uchukuzi katika Fungu 62, za TAMISEMI katika Fungu 56, na za Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ikiwemo COSTECH, katika Fungu 46. Kwa hiyo, anayetafuta fedha za utafiti wa usafirishaji katika vitabu vya bajeti hataziona katika mstari mmoja. Atalazimika kuyasoma mafungu haya yote.

Njia ya pili ni fedha za ushindani za MTUSATE, ambazo watafiti huziomba kwa maandiko yanayopitiwa na wataalamu. Njia ya tatu ni mapato ya taasisi zenyewe, kama vile ada, mafunzo ya muda mfupi na ushauri elekezi. Njia ya nne ni mikopo na misaada ya washirika wa maendeleo. Mfano wake ni mradi wa kikanda wa EASTRIP uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo Tanzania ilitengewa Dola za Marekani milioni 75 kwa ajili ya vituo vinne vya umahiri. Kimojawapo ni kituo cha usafiri wa anga katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji.

Wananchi wengi hudhani kwamba tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara inaweza kugharamia utafiti kadiri inavyohitajika. Sheria ya Mfuko huo haitoi nafasi hiyo. Inataka angalau asilimia 90 ya fedha zitumike katika matengenezo ya barabara, dharura na gharama za usimamizi zinazoambatana nayo, na zisizozidi asilimia 10 ziende katika maendeleo. Ukomo huo uliwekwa makusudi ili fedha za matengenezo zisihamishiwe kwingine. Kwa utafiti, maana yake ni kwamba fedha zake lazima zipangwe mahsusi kwingineko.

Kutoka kipande cha majaribio hadi mwongozo wa Taifa

Namna utafiti unavyogeuka kuwa huduma inaonekana vizuri katika majaribio ya barabara za wilaya yaliyofanyika kwa ufadhili wa Uingereza, kupitia programu ya utafiti wa barabara za vijijini barani Afrika iliyoanza mwaka 2008. Yalichaguliwa maeneo mawili yenye mazingira tofauti: barabara ya Lawate–Kibongoto wilayani Siha, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na barabara ya Bago–Talawanda wilayani Bagamoyo, katika ukanda wa pwani. Badala ya kuijenga barabara nzima kwa namna moja, wahandisi waliigawa katika vipande na kila kipande kikapewa aina yake ya tabaka la juu, zikiwemo za zege na za lami nyepesi. Baada ya hapo, vipande hivyo vilifuatiliwa ili kuona namna kila kimoja kinavyohimili mvua na magurudumu.

Uzoefu wa namna hiyo, pamoja na wa nchi nyingine, ulichangia Mwongozo wa Barabara Zenye Magari Machache uliotolewa na Serikali mwaka 2016. Kabla yake, wahandisi walitegemea zaidi mwongozo wa usanifu wa tabaka za barabara wa mwaka 1999. Mwongozo wa 2016 unahusu barabara zinazopitisha magari yasiyozidi takriban 300 kwa siku, yaani aina ya barabara nyingi za vijijini. Wazo lake kuu ni kutumia kadiri inavyowezekana udongo na changarawe zilizopo eneo la mradi, mradi nguvu yake imepimwa na maji yanaondolewa barabarani ipasavyo.

Kipimo kimojawapo kinachotumika ni rahisi kueleweka. Fimbo ya chuma yenye ncha ya koni husimamishwa juu ya ardhi. Nyundo ya kilo 8 huachiwa ianguke kutoka kimo cha sentimita 57.5, kisha hupimwa kina ambacho koni imezama kwa kila pigo. Ikizama kidogo, ardhi ni imara. Ikizama sana, panahitaji kuimarishwa. Kwa kupima hatua kwa hatua, mhandisi wa wilaya hujua ni wapi pa kuongeza tabaka na ni wapi ambapo ardhi iliyopo inatosha, badala ya kumwaga changarawe ya unene mmoja mwanzo hadi mwisho.

Mfano mwingine ni madaraja ya mawe ya upinde yaliyojengwa na TARURA mkoani Kigoma kwa ushirikiano na Ubelgiji kupitia shirika lake la Enabel. Madaraja hayo hutumia mawe ya eneo husika na mafundi wa hapo hapo, na hupunguza kwa kiasi kikubwa mahitaji ya nondo na saruji inayosafirishwa kutoka mbali.

Mradi unapofika mwisho

Mifano hiyo inaonesha pia udhaifu unaopaswa kusemwa wazi. Programu ya Uingereza ilihitimishwa mwaka 2020. Barabara haisomeki kwa msimu mmoja; tabaka linaloonekana imara mwaka wa pili linaweza kupasuka mwaka wa nane. Mfadhili anapoondoka kabla ya jibu kukamilika, lazima kuwepo taasisi ya ndani yenye wataalamu, vifaa na fedha za kurudi kwenye kipande kile kile na kukipima tena. Vinginevyo Taifa linabaki na nusu ya jibu ililoligharamia.

Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga angalau asilimia 1 ya Pato la Taifa kwa ajili ya utafiti na maendeleo. Tanzania, kama zilivyo nchi nyingi za bara hili, bado haijafikia kiwango hicho. Ndiyo maana kila shilingi inayotengwa inapaswa kuelekezwa kwenye maswali ambayo majibu yake yatatumika, na kila jibu liwekwe mahali ambapo mhandisi wa halmashauri atalipata.

Nafasi ya mwananchi

Hotuba za bajeti za wizara zilizotajwa ni nyaraka za umma, na mwananchi anaweza kuzisoma na kuona fedha zilizopangwa pamoja na utekelezaji wa mwaka uliotangulia. Katika mikutano ya kijiji na kata ambako miradi ya barabara hujadiliwa, ni haki yake kuuliza iwapo udongo umepimwa na maji ya mvua yataelekezwa wapi. Maswali hayo mawili yana uzito kuliko idadi ya kilomita zinazotajwa.

Kwa mwenye ubunifu wa chombo cha usafiri, kifaa cha usalama barabarani au mfumo wa kidijitali, mlango wa kuanzia ni COSTECH. Aidha, yapo Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019, yanayowapokea wanafunzi kuanzia shule za msingi, vyuo, taasisi za utafiti na hata mafundi wa sekta isiyo rasmi. Kabla ya kuuonesha ubunifu wake hadharani, mbunifu anashauriwa kupata maelekezo ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kuhusu hataza, kwa kuwa kilichokwisha kutangazwa ni vigumu kukilinda.