Taa ya Zenoni Inapogeuka Waridi

Je, wajua kwamba kuna taa ya gari inayotangaza maradhi yake kwa rangi, muda mrefu kabla haijazimika kabisa? Taa ya zenoni ikichoka, mwanga wake mweupe huanza kuelekea waridi, kisha zambarau. Dereva aliyekaa nyuma ya usukani huwa wa mwisho kugundua, kwa sababu macho yake yamezoea mabadiliko hayo kidogo kidogo. Anayeyaona ni mtu aliyesimama mbele ya gari usiku, akalinganisha jicho la kushoto na la kulia. Fundi anayeijua taa hii huanzia hapo, kwa kutazama, kabla hajafungua hata parafujo moja.

Ndani ya balbu yake hamna ule uzi mwembamba unaowaka katika balbu za kawaida. Kuna kifuko kidogo cha kioo cha kwatzi na ncha mbili za tungsteni zinazotazamana, zikiachana kwa milimita 4 hivi. Umeme huruka kutoka ncha hadi ncha kupitia gesi ya zenoni, na mruko huo ndio unaotoa nuru. Gesi yenyewe ni adimu: katika hewa tunayovuta, haifikii hata sehemu moja katika milioni kumi. William Ramsay na Morris Travers waliigundua mjini London mwaka 1898, katika mabaki ya hewa iliyopoozwa hadi ikawa kimiminika. Ikapita karibu karne nzima kabla haijafika barabarani. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na taa hizi lilikuwa BMW ya msururu wa 7, mwaka 1991.

Kuiwasha si kazi ndogo. Betri ya gari ina volti 12 tu, lakini ili umeme uvuke pengo lile la milimita 4 panahitajika msukumo unaozidi volti 20,000. Kazi hiyo hufanywa na kiwashio, kikisaidiwa na balasti, kisanduku cha bati kinachokaa nyuma au chini ya taa. Zenoni hung'aa papo hapo, kisha joto huyeyusha na kuvukiza chumvi za metali zilizomo ndani ya kifuko, na ni chumvi hizo zinazotoa sehemu kubwa ya mwanga. Ndiyo maana taa ikiwashwa huonekana ya kibuluu na hafifu kwa sekunde chache, halafu ikatulia na kuwa nyeupe. Baada ya hapo balasti hushusha umeme hadi volti 85 au 42 hivi, kutegemea aina ya balbu, na kuulinda usiyumbe.

Faida yake ni kubwa. Balbu ya zenoni ya D2S hula wati 35 na kutoa lumeni 3,200 hivi, ilhali balbu ya halojeni ya H7 hula wati 55 na kutoa takriban 1,500. Pia huishi zaidi, mara nyingi saa 2,000 na kuendelea. Magari mengi ya Kijapani yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa yamekwisha kutumika miaka kadhaa kwao, kwa hiyo sehemu kubwa ya saa hizo ilikwisha kuliwa kabla mmiliki mpya hajakabidhiwa ufunguo.

Sasa turudi kwenye ule uwaridi. Kadiri miaka inavyopita, chumvi hupungua na nyingine hupenya kwenye kioo, ncha za tungsteni hulika, na pengo kati yake hupanuka. Mwanga hubadilika rangi, na balbu hudai volti nyingi zaidi ili isizime. Balasti hufuatilia madai hayo. Yakipita kiwango chake, hukata umeme ili kujilinda.

Hapa ndipo wenye magari wengi wanapopoteza fedha. Taa inawaka vizuri, gari linatembea dakika kumi, taa ya upande mmoja inazima. Dereva anazima swichi na kuwasha tena, taa inarudi. Akiulizia mtaani ataambiwa balasti imekufa, naye ataingia Gerezani, karibu na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi kutafuta kifaa ambacho kwa kawaida ni ghali kuliko balbu. Kumbe balasti ni nzima na imefanya kazi yake sawasawa. Iliyochoka ni balbu. Taa inayozima njiani kisha ikarudi swichi ikichezewa, tena yenye dalili ya waridi, mshukiwa wa kwanza ni balbu, na ushahidi unapatikana bila kununua kitu chochote.

Ushahidi huo ni kubadilishana. Balbu ya kulia inahamishiwa kushoto, ya kushoto kulia. Ubovu ukihama pamoja na balbu, balbu ndiyo mbovu. Ubovu ukibaki upande ule ule, tatizo ni balasti, kiwashio au waya za upande huo, na zoezi linaendelea kwa kuhamisha balasti pale inapowezekana. Hakuna mita wala kompyuta iliyotumika. Kwa hakika, mita ya kawaida ya umeme haifai kabisa kuchomekwa kwenye tundu la balbu wakati taa inawashwa, kwani msukumo wa volti elfu ishirini utaiunguza na unaweza kumdhuru aliyeishika.

Na hili halina mzaha. Kabla mkono haujaingia nyuma ya taa, swichi izimwe, ufunguo utolewe, waya wa hasi wa betri ufunguliwe, na gari liachwe dakika kadhaa ili chaji iliyobaki ndani ya balasti iishe na balbu ipoe. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, maana kifuko kile kimejazwa gesi kwa shinikizo kubwa na kikipasuka hutupa vipande vya kioo. Kioo kisiguswe kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki juu yake, joto likapanda mahali pamoja, balbu ikafa mapema.

Kama taa haiwaki kabisa, safari ni nyingine. Fyuzi hutazamwa kwanza. Kisha waya wa ethi pale ulipofungwa kwenye bodi, ambapo kutu hupenda kukaa. Kisha umeme unaoingia kwenye balasti, na hapa mita ina kazi, kwa kuwa ni volti 12 za kawaida. Wakati wa kuwaka, balasti moja huvuta mkondo mkubwa kuliko inavyohitaji baadaye, hivyo betri dhaifu au kiungo chenye ukoko wa kijani humfanya mtu alaumu taa isiyo na kosa. Taa inayokataa injini ikiwa imezimwa na kukubali injini ikinguruma inasema waziwazi kwamba umeme hauitoshi.

Taa inayopepesa au kutoa mlio wa tiki-tiki bila kuwaka huelekeza kidole kwa kiwashio au kwa balasti, na aghalabu adui ni maji. Balasti nyingi zimefungwa chini kabisa ya taa, nyuma ya bampa. Mpira wake wa kuziba ukichakaa, au kifuniko cha nyuma ya taa kikiachwa wazi na mtu aliyebadilisha balbu kwa haraka, mvua za masika na maji ya kuoshea gari humaliza kazi. Balasti iliyolowa mara moja inaweza kuokolewa kwa kukaushwa taratibu na kuzibwa upya. Iliyokwisha kuota ukoko kwenye saketi hubadilishwa.

Anayenunua asome herufi kwenye kitako cha balbu, si mfano wa gari pekee. D1 na D3 zina kiwashio chake humo humo. D2 na D4 hazina. D1 na D2 zina zebaki na hufanya kazi kwa volti 85. D3 na D4 hazina zebaki na hufanya kazi kwa volti 42. Vitako vimechongwa tofauti makusudi ili visiingiliane, na bado kuna wanaovikwangua kwa tupa ili vikubali. Balasti na balbu zisizolingana huharibiana. Herufi ya mwisho nayo ina maana: S ni ya taa yenye lenzi ya duara ndani, R ni ya taa ya kioo cha kuakisi na ina mistari ya rangi nyeusi inayozuia miali isipande juu. S ikiwekwa mahali pa R, anayekuja mbele hupofushwa. Vivyo hivyo kwa balbu za zenoni za bei rahisi zinazopachikwa kwenye taa zilizoundwa kwa halojeni. Huo ni ukatili kwa mwendesha bodaboda anayekuja upande wa pili, wala hauongezi chochote cha maana kwa aliyeziweka.

Balbu hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, vinginevyo gari litakuwa na jicho jeupe na jicho la waridi. Zile zenye zebaki hazipaswi kutupwa jalalani wala kuvunjwa mbele ya watoto.

Mwisho ni kupima mwelekeo wa mwanga ukutani. Gari husimamishwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukuta, na ukingo wa juu wa mwanga unapaswa kuanguka sentimita 10 hivi chini ya usawa wa kitovu cha taa. Kwa gari la Kijapani ukingo huo hupanda upande wa kushoto, kumulika kando ya barabara na waenda kwa miguu, jambo linalofaa Tanzania, Kenya na Uganda. Bujumbura na Bukavu, ambako magari hupita kulia, gari lile lile humulika moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Baadhi ya taa za Ulaya zina kiwiko kidogo ndani cha kugeuzia upande huo. Gari lililoundwa kwa ajili ya soko la Japani aghalabu halina, na dawa yake ni kubadilisha taa nzima.