Faragha ya Mteja na Utunzaji wa Kumbukumbu miongoni mwa Wahudumu wa Ngono wa Kujitegemea

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna watu wazima wanaouza huduma za ngono kwa miadi, bila wakala wala danguro, wanavyokabiliana na mgongano kati ya kuandika na kutoandika. Kumbukumbu ya mteja humkinga mhudumu dhidi ya ukatili, lakini kumbukumbu hiyohiyo ikitoka mikononi mwake huweza kumfichua mteja, mhudumu mwenyewe na hata mtu asiyehusika. Kwa kutumia mifano ya Marekani na Uingereza, kisha kuitazama hali ya malipo kwa simu katika Afrika Mashariki, makala yanabainisha kwamba faragha hailindwi na ahadi ya kunyamaza pekee. Hulindwa na uamuzi wa mapema kuhusu kipi kiandikwe, kwa kusudi gani na kwa muda gani.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika biashara ya ngono, mhudumu ndiye kata: huyajua mambo ambayo mke, mume, mwajiri na jamaa wa mteja hawayajui. Mteja hulipa akitarajia kwamba yatakayotendeka hayatasimuliwa. Hata hivyo, mhudumu anayefanya kazi peke yake hana mlinzi mlangoni wala msimamizi wa kumpigia simu. Kabla ya kukutana na mtu asiyemjua, anahitaji kujua ni nani, anatoka wapi na kama amewahi kumdhuru mwingine. Hapo ndipo mgongano unapoanza, kwani usalama wa mmoja unadai taarifa, ilhali faragha ya mwingine inadai ukimya.

Katika makala haya, istilahi "mhudumu wa kujitegemea" inamaanisha mtu mzima aliyejichagulia kazi hiyo, anayepanga miadi, bei na mahali yeye mwenyewe. Suala la wanaolazimishwa au kusafirishwa kwa hila ni zito na linahitaji mjadala wake.

2.0 Aina Tatu za Kumbukumbu

Kumbukumbu zinazotunzwa katika kazi hii zinaweza kugawanywa katika makundi matatu kulingana na kusudi lake.

Kundi la kwanza ni kumbukumbu za usalama. Hizi hujumuisha jina, namba ya simu, mahali pa kukutana, na wakati mwingine kitambulisho cha mteja au neno la mhudumu mwingine aliyewahi kukutana naye. Mhudumu huweza kumwachia rafiki anayemwamini anwani na saa ya kurejea, ili asiporejea atafutwe. Kundi la pili ni kumbukumbu za miadi, yaani siku, saa na mapendeleo ya mteja. Kundi la tatu ni kumbukumbu za fedha, yaani mapato na gharama.

Tatizo huzuka pale makundi haya yanapochanganywa katika daftari moja au simu moja. Anwani iliyohitajika kwa saa mbili za usalama hubaki miaka mitano kwa sababu iko kwenye ukurasa mmoja na hesabu. Hata udhamini baina ya wahudumu una hatari yake. Mhudumu anayemwambia mwenzake kuwa mteja fulani ni mtu salama amekwisha kufichua kwamba mtu huyo ni mteja. Kwa hiyo, utaratibu wenye staha zaidi ni mteja mwenyewe kuridhia kuulizwa habari zake, na jibu kuishia katika usalama wake bila kugusa yaliyotendeka faraghani.

3.0 Usiri Usio na Kinga ya Kisheria

Wakili na daktari nao hutunza siri, lakini usiri wao umejengewa kinga na sheria za nchi pamoja na maadili ya taaluma. Mhudumu wa ngono hana kinga ya namna hiyo. Pale ambapo kazi yenyewe ni kosa, daftari lake huwa kielelezo mahakamani. Ahadi yake ya kunyamaza inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado isiwe na uwezo wa kulizuia daftari kuchukuliwa.

Kesi ya Deborah Jeane Palfrey nchini Marekani inalidhihirisha jambo hili. Palfrey hakuwa mhudumu wa kujitegemea; aliendesha wakala wa wahudumu jijini Washington kuanzia mwaka 1993 hadi 2006. Nyaraka zilizozua mtikisiko hazikuwa orodha ya wateja. Zilikuwa bili za simu, zilizoandikwa na kampuni ya simu kwa ajili ya kudai malipo. Zilipowekwa wazi mwezi Julai 2007, namba zililinganishwa na wenye simu, na Seneta David Vitter wa Louisiana akakiri hadharani kuwa namba yake ilikuwamo. Palfrey alitiwa hatiani mwezi Aprili 2008, na Mei 1 mwaka huohuo alikutwa amefariki. Funzo lililopo ni kwamba kumbukumbu nyeti inaweza kuundwa na mtu mwingine, kwa kusudi jingine, bila mhudumu wala mteja kukusudia.

Mfano wa pili unatoka katika mji mdogo wa Kennebunk, jimbo la Maine. Mwaka 2012 mwanamke aliyekuwa na ukumbi wa mazoezi ya Zumba alishtakiwa kwa biashara ya ngono, na kumbukumbu zake za kina zikaangukia mikononi mwa polisi. Mwezi Oktoba polisi walianza kutangaza majina ya wanaume walioshtakiwa kuwa wateja. Orodha ya kwanza ilitolewa bila anwani, na matokeo yake wanaume waliofanana majina na washtakiwa walishukiwa na kusumbuliwa ilhali hawakuhusika. Kesi hii ina upande mwingine pia: mashtaka yalidai kuwa wateja walirekodiwa kwa video bila kujua. Kuandika namba ya mtu kwa ajili ya usalama ni jambo moja. Kumrekodi kwa siri ni jambo jingine, na hakuna hoja ya usalama inayolihalalisha.

4.0 Taarifa kwa Kusudi Maalumu: Mfano wa Uingereza

Katika England na Wales, mtu mzima kuuza ngono peke yake si kosa, ingawa shughuli nyingi zinazoizunguka kazi hiyo ni makosa. Kwa sababu hiyo, mhudumu anaweza kujisajili kama mtu aliyejiajiri na kulipa kodi, na anatakiwa kutunza kumbukumbu za biashara kwa angalau miaka 5 baada ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za mwaka husika, yaani Januari 31. Hesabu hizo huhitaji tarehe, kiasi na gharama. Hazihitaji maelezo ya matamanio ya mteja. Aidha, sheria ya ulinzi wa data inayotokana na kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika mwezi Mei 2018 inazihesabu taarifa za maisha ya kingono kuwa za kundi maalumu, na inataka zikusanywe zile tu zinazohitajika na zisitunzwe kupita haja.

Katika nchi hiyohiyo, shirika la National Ugly Mugs, lililoanzishwa mwaka 2012, hupokea taarifa za watu waliowadhuru wahudumu, kisha huwatahadharisha wahudumu wengine. Kwa ridhaa ya mwathirika, taarifa zinaweza kufikishwa polisi bila kumtaja. Utaratibu huu haukusanyi majina ya wateja wote, unamlenga aliyedhuru. Mteja mwenye staha hana sababu ya kuwamo, na mhudumu hupata kinga bila kulimbikiza siri za watu.

5.0 Afrika Mashariki: Daftari Lisiloandikwa na Mtu

Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ikafuata mwaka 2022. Sheria ya Uganda inayataja maisha ya kingono miongoni mwa taarifa maalumu. Wakati huohuo, Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo inaharamisha ukahaba. Hivyo karatasi ileile inaweza kulindwa na sheria moja na kuwa ushahidi chini ya nyingine.

Changamoto kubwa zaidi iko kwenye malipo. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, kutuma fedha kwa simu kumekuwa jambo la kila siku. Malipo ya kawaida ya namna hii huonyesha jina lililosajiliwa: anayetuma huliona la anayepokea, na anayepokea huliona la anayetuma. Jina la kazi la mhudumu huporomoka hapo hapo, na jina la mteja hujiandika pasipo kalamu, huku kampuni nayo ikibaki na nakala. Kufuta ujumbe kwenye simu hakuifuti nakala hiyo. Funzo la bili za simu za Washington linarudi hapa kwa sura nyingine.

6.0 Hitimisho

Mjadala huu unaonyesha kwamba swali la msingi si kama mhudumu ni mwaminifu, bali kama alichokiandika kitabaki salama akiwa hayupo kukilinda. Kumbukumbu ya usalama inastahili kuwapo, kwani kumnyima mhudumu haki ya kujua anayekutana naye ni kumwacha kwenye hatari. Hata hivyo, inapaswa kutenganishwa na hesabu na kufutwa haja inapokwisha, isipokuwa pale madhara yalipotokea. Rafiki aliyeachiwa anwani naye anapaswa kuiharibu mara apatapo habari kuwa mwenzake amerejea. Sheria nazo zinapomfanya mhudumu aogope kuandika chochote, hazimlindi mteja. Humwondolea mhudumu kinga yake ya kwanza, na mtu mwenye nia mbaya ndiye anayenufaika na ukimya huo.