Figo za Mzee na Kadiri ya Dawa ya Saratani

Katika dawa za saratani zimo ambazo mwili huzitoa zaidi kwa njia ya mkojo, kama vile kaboplatini na methotreksati. Basi figo zikilegea, dawa hukaa katika damu muda mrefu kuliko alivyokusudia tabibu, na kadiri ile ile iliyomfaa kijana ikageuka sumu kwa mzee, ikaudhoofisha uboho unaozalisha chembe za damu, hata mgonjwa akashikwa na homa au kutokwa na damu, si kwa sababu ya maradhi bali kwa sababu ya tiba.

Nguvu ya figo aghalabu huanza kupungua mtu apitapo miaka 40, wala hapati maumivu ya kumtanabahisha. Lakini kinachotia hadhari zaidi ni kwamba kipimo cha damu kinachotegemewa huweza kuuficha upungufu huo. Kreatinini, ambayo ndiyo inayopimwa, ni taka itokayo katika misuli; na mzee aliyekonda, hasa akiwa amekondeshwa na saratani, misuli yake ni haba, taka yake ni kidogo, hivyo hata figo dhaifu huimudu, na jawabu la maabara likaonyesha kuwa hakuna taksiri.

Mwaka 1976 Cockcroft na Gault, wa Kanada, walitoa kanuni ya kukadiria nguvu ya figo inayoingiza umri na uzito: umri hutolewa katika 140, kinachosalia huzidishwa kwa kilo za mgonjwa, kisha hugawanywa kwa 72 mara kreatinini; akiwa mwanamke, jawabu hupunguzwa kwa asilimia 15. (Wagonjwa wao 249 walikuwa karibu wote wanaume, kwa hiyo punguzo hilo nalihesabu kuwa makisio.) Kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye kilo 70, na ajuza wa miaka 80 mwenye kilo 45, wote wawili wakiwa na kreatinini ya miligramu 1 kwa desilita, hupata kijana nguvu ya figo ya mililita 107 kwa dakika, na ajuza 32 tu. Kwa kanuni ya Calvert ya mwaka 1989, inayopata kadiri ya kaboplatini kutokana na nguvu hiyo ya figo, kaboplatini ya kijana, kwa shabaha ya 5 (yaani kiwango cha dawa kinachokusudiwa katika damu), hufika miligramu 660, ilhali ya ajuza ni 285.

Wala isidhaniwe kwamba kila mkongwe apunguziwe dawa kwa kutazamwa mvi zake; wako wazee wenye figo imara, na kuwanyima kadiri kamili ni kuiachia saratani nafasi. Fauka ya hayo, tabibu hana budi kuulizia vidonge vya maumivu vilivyonunuliwa dukani, kama diklofenaki, ambavyo hupunguza damu iendayo katika figo, na ambavyo mgonjwa, kwa kutovihesabu kuwa dawa, havitaji asipoulizwa.