Tambi za Asubuhi ya Idd, na Pilau ya Mchana

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Mwezi ukishaandama, Ramadhani ikaisha na Shawwal ikaingia, nyumba nyingi za pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, zinajua kesho asubuhi ni tambi. Ni sunna siku ya Idd el-Fitr mtu aonje kitu kabla ya kwenda kuswali, kwa hiyo jiko linawashwa alfajiri. Tende zipo, chai ya maziwa ipo, lakini macho ya watoto yote yako kwenye sufuria ya tambi. Katika mapishi yote ya sikukuu hili ni jepesi, na ndilo ninalowapa kwanza.

Awepo mtu mzima karibu, maana mafuta ya moto hayachezewi. Kisha shikeni kikombe kimoja, kipime kila kitu: tambi zilizovunjwavunjwa vikombe 3, mafuta au samli robo kikombe, tui jepesi vikombe 2, sukari nusu kikombe. Tafuteni na iliki punje 6 zilizotwangwa, zabibu kavu kiganja kimoja, na chumvi kidogo sana.

Nazi ikuneni kwa mbuzi, mtie maji ya vuguvugu, mkamue na kuchuja. Tui la kwanza, lile zito, liwekeni kando. Rudieni machicha kwa maji mengine mpate tui jepesi la kupikia.

Sasa pasheni mafuta kwa moto wa wastani, mimineni tambi, na hapa msiondoke. Mwanzoni mtadhani hakuna kinachotokea. Mara uzi mmoja unageuka kahawia, kisha mwingine, halafu zote zinafuatana kwa haraka na harufu inajaa nyumba nzima. Geuzeni kwa mwiko kutoka chini kuja juu, bila kupumzika. Nyingi zikishakuwa kahawia na chache bado nyeupe, zimetosha. Mkingoja zote zilingane, za chini zimeshaungua, na uchungu wa tambi zilizoungua hauondoki hata mkimwaga sukari ya mfuko mzima.

Kwa nini tunazikaanga? Tambi ni unga wa ngano. Zikichemshwa hivi hivi, wanga wake unalainika na kunata, zinashikana bonge moja. Zikipata mafuta na moto kwanza, kila uzi unasimama peke yake. Tieni zabibu, zigeuzeni mara mbili tatu, kisha mimineni tui jepesi na chumvi. Sukari isubiri. Sukari hugombania maji na tambi, na ikiwahi kuingia tambi zinabaki ngumu ndani. Zikianza kulainika ndipo mtie sukari na iliki, na tui zito kidogo juu, mfunike kwa moto mdogo mpaka zikauke.

Waislamu wa India na Pakistan nao hupika tambi siku ya Idd, ila wengi wao hutumia maziwa. Bahari ya Hindi imetuunganisha nao karne nyingi: majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na mapishi yakasafiri pamoja na watu. Sisi minazi tunayo uani, basi tukatia tui.

Mchana ni pilau, na hapa wenzenu Wakristo wanaingia vilevile, kwani Krismasi ya Dar es Salaam au Mombasa bila pilau wengi hawaihesabu. Siri yake ni kitunguu. Ile rangi ya kahawia ya pilau haitoki kwenye unga wowote wa dukani. Kateni vitunguu maji viwili vikubwa vipande vyembamba, mvikaange mpaka viwe kahawia iliyokolea. Fuatisheni kitunguu saumu na tangawizi, kisha bizari nyembamba, mdalasini, iliki, pilipili manga na karafuu. Karafuu nne tano zinatosha. Zikizidi zinafunika ladha ya vingine vyote. Tieni nyama nusu kilo iliyokwisha kuchemshwa ikaiva, viazi, na vikombe 5 vya supu yake. Ikichemka, mimineni mchele vikombe 3. Maji yakikaribia kukauka, punguzeni moto, funikeni, palieni makaa juu ya mfuniko. Kachumbari mtakata wenyewe.

Kabla ya kukaa kula, sahani zinatoka. Mtoto anapewa sahani iliyofunikwa kawa, anapiga hodi kwa jirani, na jirani hairudishi tupu. Hivyo ndivyo pishi la nyumba moja linavyojulikana mtaa mzima.

Lakini kuonja pishi la bibi si kulijua. Bibi zenu hawapimi. Mkiwauliza chumvi kiasi gani, watawaambia kiasi, na wanasema kweli, kwa sababu kipimo kiko mkononi mwao. Basi sikukuu hii simameni kando ya jiko na kikombe na kijiko. Bibi akichota bizari kwa vidole, mwombeni aitie kwanza kwenye kijiko chenu, muone imefika wapi, ndipo iingie sufuriani. Andikeni. Andikeni na sufuria ipi, maana ile nyembamba inaunguza upesi, na kama mchele ulirowekwa, kwani mchele uliorowekwa unataka supu pungufu.