Kupungua Haraka, Kisha Kunenepa Tena

Wengi wenu mmeuliza kuhusu unga wa pakiti unaokorogwa na kunywewa badala ya chakula, ili mtu apungue upesi.

Hospitalini, lishe ya kalori chache sana ni ile isiyozidi kalori 800 kwa siku. Mwanamke mzima huhitaji kama 2,000. Ukiifuata utapungua, hilo halina ubishi. Kazi ni kubaki hapo.

Mwili hauelewi kwamba umeamua kupungua. Unadhani njaa imeingia nyumbani, basi hubana matumizi ya nguvu na kuongeza homoni za njaa. Hali hiyo yaweza kuendelea mwaka mzima baada ya lishe kwisha. Kwa hivyo yule jirani aliyepungua kabla ya harusi na sasa amenenepa tena, usimwite mlafi.

Huko Uingereza, utafiti uitwao DiRECT uliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili vinywaji vya kama kalori 830 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, 46 kati ya kila 100 hawakuwa tena na kisukari, bila dawa. Baada ya miaka miwili walibaki 36. Lakini angalia walivyosimamiwa: dawa za sukari na presha zilisimamishwa na wahudumu wa afya, chakula kikarudishwa polepole kwa wiki kadhaa, na waliendelea kuonana na muuguzi au mtaalamu wa lishe kila mwezi.

Wewe ukijifungia jikoni na pakiti, nani atakuangalia? Kupungua haraka huweza kuleta vijiwe vya nyongo. Anayetumia insulini anaweza kuzimia sukari ikishuka. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu kabisa, wala usimpe mtoto.

Kama umeshapungua, anza na mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa huwezi kujua umeweka vingapi. Pima kwa kijiko. Tembea kila siku. Jipime uzito kila wiki, ili kilo moja ikirudi uione kabla haijawa tano. Huna mizani? Ukimpeleka mtoto kliniki, mwombe muuguzi nawe upande ile ya akina mama wajawazito.