Muundo wa Maudhui na Majaribio ya Kujiendesha katika Programu za Wiki: Mfano wa Makala ya Kata za Kigoma

1.0 Utangulizi

Kidahwe ni kata ya Wilaya ya Kigoma Vijijini, mahali ambapo barabara itokayo mjini Kigoma hugawanyika, tawi moja likielekea Kasulu na jingine Uvinza. Kama zilivyo kata nyingine nyingi za Tanzania, Kidahwe ina makala yake fupi katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003. Makala ya namna hii kwa kawaida huwa na umbo moja: sentensi ya kwanza hutaja wilaya na mkoa, hufuata idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, na chini huwekwa orodha ya kata zote za wilaya husika.

Mwaka 2012 Wilaya ya Uvinza iliundwa kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Kigoma Vijijini. Kata za Ilagala, Nguruka na Uvinza, miongoni mwa nyingine, zilihamia wilaya mpya, ilhali Kidahwe ilibaki ilipokuwa. Kwa mchora ramani hilo ni badiliko moja. Kwa kamusi elezo inayoandikwa na watu wa kujitolea, ni masahihisho mengi yanayopaswa kufanywa katika kila makala, kila orodha na kila jedwali. Makala haya yanafafanua jinsi programu ya wiki inavyohifadhi maudhui yake, jinsi muundo huo ulivyofanyiwa mabadiliko, na jinsi majaribio yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe yanavyoulinda. Hoja kuu ni kwamba mambo haya mawili si ya mafundi peke yao. Lugha yenye wahariri wachache huyahitaji kuliko lugha kubwa, na mwanaisimu ana sehemu yake katika kazi hiyo.

2.0 Ukurasa kama matini moja

Wiki ya kwanza ilitengenezwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995. Jina lake lilitokana na neno la Kihawaii lenye maana ya 'haraka'. Wikipedia ilipoanza tarehe 15 Januari 2001 ilitumia programu iliyoitwa UseModWiki. Mwaka 2002 ilianza kutumika programu mpya iliyoandikwa na Magnus Manske wa Ujerumani, na katika mwaka huohuo Lee Daniel Crocker akaiandika upya. Programu hiyo ndiyo iliyopewa jina la MediaWiki mwaka 2003, nayo ndiyo inayoendesha Wikipedia ya Kiswahili hadi leo.

Katika muundo wa awali, kila ukurasa ulikuwa matini moja ndefu. Maelezo, takwimu, viungo, jamii na viagizo vya vigezo vyote viliandikwa ndani ya matini hiyo kwa alama maalumu, na kila mhariri alipohifadhi badiliko lake, toleo jipya la matini nzima liliwekwa katika historia ya ukurasa. Muundo huu una sifa kubwa ya urahisi, kwani yeyote ajuaye kuandika anaweza kuhariri. Kasoro yake ni kwamba kompyuta haitofautishi fungu la maneno na taarifa. Idadi ya wakazi na mwaka wa sensa kwake ni mfuatano tu wa tarakimu, na jina la wilaya ni mfuatano tu wa herufi.

Madhara yake yanaonekana wazi katika takwimu za Kigoma. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Wilaya ya Kigoma Vijijini watu 490,816. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia watu 211,566. Msomaji anayekutana na tarakimu hizi bila maelezo anaweza kudhani kwamba zaidi ya nusu ya wakazi walitoweka katika miaka kumi. Ukweli ni kwamba watu 383,640 walihesabiwa katika Wilaya mpya ya Uvinza, na jumla ya wilaya hizo mbili ilikuwa 595,206. Eneo lilelile lilikuwa na watu wengi zaidi. Kilichobadilika ni mpaka, na matini isiyobainisha mpaka humpotosha msomaji hata kama kila tarakimu iliyomo ni sahihi.

3.0 Mabadiliko ya muundo

Mabadiliko ya muundo wa maudhui katika MediaWiki yamefanyika kwa hatua, na hatua tatu zinastahili kutajwa.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha taarifa na maelezo. Tarehe 29 Oktoba 2012 ilianzishwa Wikidata, hazina ya taarifa inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote. Humo kitu kama kata ya Kidahwe hakielezwi kwa sentensi bali kwa matamko: ni kata, iko katika wilaya fulani, ina wakazi kadhaa. Kila tamko laweza kuambatanishwa na wakati wake na chanzo chake. Hivyo Ilagala yaweza kuwa na matamko mawili kuhusu wilaya yake, moja likiishia mwaka 2012 na jingine likianzia hapo, na yote mawili yakawa ya kweli. Kigezo kilichotengenezwa kwa kusudi hilo kinaweza kuchukua taarifa kutoka katika hazina na kuionyesha katika makala ya Kiswahili. Kwa utaratibu huu sahihisho hufanywa mahali pamoja badala ya mahali pengi.

Hatua ya pili ilifikiwa katika toleo la 1.21 la MediaWiki, lililotolewa mwaka 2013. Toleo hilo liliiwezesha programu kutambua kwamba maudhui ya ukurasa yana aina zake. Ukurasa ukaweza kuwa matini ya wiki, data, au maagizo ya programu, na kila aina ikawa na kanuni zake za kuhifadhiwa, kulinganishwa na kuonyeshwa.

Hatua ya tatu ililetwa na toleo la 1.32 la Januari 2019. Toka hapo ukurasa mmoja uliweza kuwa na nafasi kadhaa zenye maudhui ya aina tofauti, zote zikiwa na historia moja. Hazina ya picha ya Wikimedia Commons ilinufaika mapema na uwezo huu. Ukurasa wa picha ya Ziwa Tanganyika, kwa mfano, waweza kubeba maelezo ya kawaida katika nafasi moja, na katika nafasi nyingine taarifa zilizopangwa, zikiwemo kauli fupi za Kiswahili na za Kifaransa. Ziwa hilo linapakana na nchi zinazotumia lugha zote mbili, kwa hiyo faida yake haihitaji kusisitizwa.

4.0 Majaribio ya kujiendesha

Kubadili muundo wa programu inayotumiwa na mamia ya lugha ni kazi ya hatari. Fundi hurekebisha kasoro upande mmoja, akaharibu upande mwingine bila kujua. Kinga dhidi ya hatari hii ni majaribio ya kujiendesha, yaani maagizo yanayoitaka kompyuta itende jambo fulani, ilinganishe matokeo yaliyopatikana na matokeo yaliyotarajiwa, kisha itoe taarifa ya tofauti yoyote. Katika kazi ya MediaWiki, badiliko linalopendekezwa husomwa na mafundi wengine, na pia hupitishwa katika majaribio kabla ya kuunganishwa na programu kuu.

Majaribio haya yana viwango. Kiwango cha chini hupima sehemu ndogo ya programu peke yake, na chombo kinachotumika ni PHPUnit. Kiwango cha juu huendesha kivinjari kana kwamba ni mtu: hufungua ukurasa, huandika, huhifadhi, na kukagua kilichotokea. Kati ya viwango hivyo yako majaribio ya kichanganuzi, yaani sehemu ya programu inayogeuza matini ya wiki kuwa ukurasa unaosomeka. Kila jaribio la kichanganuzi huwa na kipande cha matini na umbo ambalo kipande hicho kinapaswa kulipata. Mwanaisimu ataitambua mbinu hiyo mara moja, kwani hafanyi tofauti anapoijaribu kanuni ya sarufi kwa orodha ya tungo zinazokubalika na zisizokubalika.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoleta swali lake. Ujumbe wa kumwarifu mhariri kwamba kitu kimefutwa unaweza kuundwa na fundi kwa kuunganisha nomino yoyote na kitenzi kimoja. Katika Kiingereza utaratibu huo haudhuru, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki. Katika Kiswahili nomino hutawala upatanisho: ukurasa umefutwa, kigezo kimefutwa, jamii imefutwa, faili limefutwa. Ujumbe ulioundwa kwa vipande hautafsiriki kwa usahihi hata mfasiri awe hodari namna gani. Dawa yake ni kumpa mfasiri sentensi nzima kwa kila hali.

Wingi nao una mtego wake. MediaWiki humruhusu mfasiri kuandika umbo la umoja na la wingi, na programu huchagua kulingana na idadi. Mfasiri akiligawa neno 'ukurasa/kurasa' pekee na kukiacha kitenzi nje, programu itatoa 'ukurasa 1 umefutwa', ambayo ni sawa, na 'kurasa 7 umefutwa', ambayo si Kiswahili. Jaribio lililoandikwa kwa Kiingereza haliwezi kuligundua kosa hili. Jaribio la Kiswahili lingeligundua mara moja kwa kuuendesha ujumbe huo kwa idadi ya 0, 1 na 7, na kulinganisha matokeo na sentensi zilizotolewa na mjuzi wa lugha.

Mbinu hiyohiyo inafaa kwa maudhui. Kwa kata za Kigoma, masharti matatu yangetosha kuanzia: kila kata iwe katika orodha ya wilaya moja tu kwa wakati mmoja, wilaya inayotajwa katika sentensi ya kwanza ilingane na ile iliyo katika hazina ya taarifa, na idadi ya wakazi isionyeshwe bila mwaka wa sensa. Chukuliwe kwamba roboti imeagizwa kubadili 'Kigoma Vijijini' kuwa 'Uvinza' katika makala ya kata zote za wilaya ya zamani. Ingezisahihisha Ilagala na Nguruka, na papo hapo ingeihamisha Kidahwe kwa makosa. Sharti la pili lingeonyesha kosa hilo kabla halijamfikia msomaji.

5.0 Mipaka ya mbinu hii

Ifahamike kwamba jaribio hupima ulinganifu, halipimi ukweli. Hazina ya taarifa ikiwa na kosa, makala yote yanayoitegemea yatakuwa na kosa lilelile, na majaribio yatapita bila kulalamika. Zaidi ya hayo, taarifa zilizopangwa hazichukui nafasi ya maelezo. Zinaweza kusema Kidahwe iko wilaya gani. Haziwezi kueleza wakazi wake wanaishije, wanalima nini, wala jinsi njia panda ilivyoathiri biashara yao. Hayo huandikwa na mtu anayeyajua.

Pia kuna gharama. Mhariri aliyezoea kusahihisha tarakimu ndani ya makala hukuta kwamba sasa tarakimu hiyo iko kwingine. Asipopewa maelekezo kwa lugha anayoielewa, huenda akakata tamaa. Kwa sababu hiyo, tafsiri nzuri ya ujumbe na kurasa za msaada ni sehemu ya mabadiliko yenyewe.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba ukurasa wa wiki ulianza ukiwa matini moja, na kwamba kwa hatua za mwaka 2012, 2013 na 2019 ulipata muundo unaotenganisha taarifa na maelezo. Imeonyeshwa pia kwamba majaribio ya kujiendesha huulinda muundo huo, ila tu kwa yale ambayo mtu ameyaandika kuwa matarajio. Wikipedia ya lugha kubwa ina macho mengi ya kuona kosa. Ya Kiswahili ina macho machache, na makala ya kata ya mbali yaweza kukaa miaka bila kusomwa na mhariri, ingawa mwanafunzi wa Kigoma anaweza kuyasoma leo na kuyaamini.

Idara za Kiswahili zina kitu ambacho fundi hana, nacho ni maarifa ya ngeli na upatanisho. Orodha fupi ya sentensi sahihi kwa kila ngeli, katika umoja na wingi, ni zoezi la semina moja ya wanafunzi. Ikikabidhiwa kwa watunzaji wa programu ikiwa jaribio, itaendeshwa kila badiliko linapopendekezwa, hata pale ambapo mafundi wote wanaolijadili hawajui neno moja la Kiswahili.